Ndege wa sifa anayelala shambani

Kwetu jina halitolewi bure. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ukame huitwa Shida. Aliyekuja baada ya wazazi kungoja miaka mingi huitwa Neema au Tumaini. Aliyezaliwa mama akiwa taabani huitwa Tabu au Masumbuko, na atalibeba jina hilo hadi uzeeni hata kama maisha yake yamejaa heri. Mpendwa msomaji, huenda hata wewe uliwahi kumuuliza bibi kwa nini uliitwa hivyo ulivyoitwa, naye akakusimulia habari za nyumbani kwenu ambazo hakuna mwingine aliyewahi kukueleza.

Jumapili ya leo nakualika tutafakari jina la ndege mdogo. Ni kipozamataza wa Ulaya, ndege wa rangi ya udongo mwenye michirizi, asiyefikia uzito wa yai la kuku. Ukimwona ametulia chini unaweza kumpita bila kumtazama mara ya pili. Lakini akipaa huimba mfululizo akiwa hewani, juu kabisa, hadi macho yanampoteza na masikio bado yanamsikia. Ndugu zake tunao hapa kwetu. Jamii ya vipozamataza ina aina zinazokaribia 100, na nyingi kati ya hizo zinaishi Afrika, wakiwemo wale wa mbuga za Serengeti na nyanda za Athi.

Jina la kisayansi la yule wa Ulaya ni Alauda arvensis. Lilitolewa mwaka 1758 na Carl Linnaeus, Mswidi aliyekuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, ambaye ndiye aliyeimarisha utaratibu wa kukipa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini. Waumini waliojua Kilatini wamelipenda jina hili, kwa sababu wamesikia ndani yake sifa na shamba. Tuyaangalie maneno hayo mawili moja moja, maana historia yake ina somo ambalo wengi wetu tusingelitegemea.

Sifa ambayo haikuwemo

Tuanze na Alauda. Katika Kilatini, kusifu ni laudare, na neno la sifa ni laus. Ndiyo maana waandishi wa Zama za Kati walieleza kwamba ndege huyu aliitwa alauda kwa sababu anamsifu Muumba wake. Ni maelezo matamu, na mhubiri yeyote angependa kupanda nayo mimbarani.

Hata hivyo, wachunguzi wa lugha wanatueleza habari nyingine. Kwa asili, alauda si neno la Kilatini. Warumi walilichukua kwa Wagalia, watu waliokaa katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 BK, aliandika kwamba ndege mwenye kishungi, ambaye zamani aliitwa galerita, baadaye aliitwa kwa neno la Kigalia, alauda, na kwamba jina hilohilo lilipewa kikosi cha jeshi. Kikosi hicho kilikuwa cha Julius Caesar, aliyekiunda kwa askari wa Galia. Kwa hiyo Mrumi wa siku za Bwana wetu, akisikia neno hilo, angeweza kukumbuka panga na kofia za chuma kabla ya kukumbuka zaburi yoyote.

Je, tuyatupe basi maelezo ya wale wazee? Tukiri kwanza kwamba kwa habari ya asili ya neno walikosea, na imani yetu haihitaji kusimama juu ya kosa. Lakini tujiulize pia kwa nini walisikia hivyo. Kunguru ana jina, na bundi ana jina, lakini hakuna aliyejisumbua kutafuta sifa ndani ya majina yao. Kwa ndege huyu watu walikuwa wameshausikia wimbo wake alfajiri kabla jua halijachomoza, juu ya mashamba ya watu maskini, siku njema na siku mbaya. Walipolisikia jina lake, masikio yao yalikuwa tayari yamejaa wimbo. Ndege mwenyewe ndiye aliyelipa jina lake maana ambayo halikuwa nayo.

Hapo ndipo ninapokumbuka Antiokia. Tunasoma katika Matendo ya Mitume 11:26 kwamba katika mji huo ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba waliotoa jina hilo ni watu wa nje. Waliwaona watu hawa sokoni na majumbani, wakasikia ni nani wanayemtaja asubuhi na jioni, wakawapachika jina kufuatana na walichokiona. Jina halikutangulia maisha. Maisha yalitangulia, jina likafuata.

Sisi leo mara nyingi tumeanza na jina. Tumebatizwa tukiwa wachanga, tukapewa Imani, Baraka au Yohana. Tuna kadi ya usharika, sare ya kwaya, na kitenge cha kina mama chenye jina la kanisa mgongoni. Hayo ni mema, sisemi yaachwe. Swali ni hili: mwenye duka ambaye daftari lake la madeni limekuandika, anasikia nini jina lako linapotajwa? Dada wa kazi anayeamka nyumbani kwako kabla ya watu wote, naye anasikia nini? Mpangaji wako je? Hao ndio watu wa Antiokia wa kwako. Hawana haja ya kujua Kigiriki wala Kilatini ili walipe jina lako maana.

Shamba ambalo ni la hakika

Neno la pili, arvensis, halina ubishi wowote. Linatokana na arvum, yaani shamba lililolimwa. Kwa jina lake basi, huyu ni ndege wa shambani. Sehemu ya jina inayohusu udongo ndiyo iliyo hakika tangu mwanzo.

Na kweli maisha yake ni ya udongoni. Hapendi kutua mitini kama ndege wengi. Kidole chake cha nyuma kina ukucha mrefu, na hutembea ardhini badala ya kurukaruka. Kiota chake ni kishimo kidogo chini, kimetandikwa nyasi, katikati ya majani au mazao. Jike hutaga mayai 3 hadi 5 na kuyaatamia kwa siku zipatazo 11, naye dume huimba juu. Makinda huondoka kiotani wakiwa hawajaweza hata kuruka, wakajificha majanini. Kila mnyama apitaye ni hatari kwao, na kila jembe pia.

Dume huinuka kutoka papo hapo penye hatari. Hupaa wima akiimba, hufika hata mita 100 juu, huelea huko akiimba, na huanza kushuka bado anaimba. Wimbo mmoja huchukua kwa kawaida dakika kadhaa bila kukatika. Akikaribia chini hunyamaza, akajiachia kama jiwe, na hutua mbali kidogo na kiota ili adui asione walipo wenzake. Kisha hutembea kwa miguu kurudi nyumbani.

Wanasayansi watakuambia kwamba dume huimba ili kulinda eneo lake na kumvuta jike. Ni kweli, na ukweli huo haupunguzi chochote katika tafakari yetu. Zaburi ya 148 inawataja ndege warukao miongoni mwa viumbe wanaoitwa wamsifu Bwana, na haiwaambii waache kwanza shughuli zao. Ndege huyu anapoilinda nyumba yake anafanya kazi aliyoumbiwa, na wimbo umo ndani ya kazi hiyo. Kwake hakuna kipindi cha sifa ambacho kikiisha, maisha ya kawaida yanaanza.

Wapo kati yetu wanaojiona wanyonge mbele za Mungu kwa sababu maisha yao yote ni shamba. Ni mama anayekaanga vitumbua saa kumi alfajiri ili watoto wapate daftari. Ni kijana wa bodaboda anayetafuta hesabu ya tajiri kabla hajapata ya kwake. Ni mwalimu mwenye madaftari 90 ya kusahihisha na taa ya kuwasha kwa zamu. Wakifika kanisani na kuwaona wenzao wanaoimba wamefumba macho, wanajiuliza kama sifa ni ya watu wenye nafasi. Ndugu yangu, jina la ndege huyu likufariji. Sehemu ya kwanza walio hakika nayo wataalamu ni shamba. Wimbo uliinuka kutoka huko.

Fransisko wa Asizi aliliona hilo. Kwake Italia alimpenda sana ndugu wa ndege huyu, kipozamataza mwenye kishungi. Masimulizi ya wenzake yanaeleza kwamba alimfananisha na mtawa: kishungi chake ni kama kofia ya joho, manyoya yake yana rangi ya ardhi kama vazi la mtu asiyetafuta fahari, hutafuta punje zake barabarani kwa unyenyekevu, na akiruka anamsifu Mungu. Wanasema pia kwamba alitamani mfalme atunge sheria ya kukataza kuwakamata ndege hawa, na kwamba Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana watu wawamwagie nafaka njiani ili nao washerehekee. Alipofariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, wasimulizi wanasema kundi la ndege hao lilizunguka juu ya nyumba alimolala likiimba, ingawa ni ndege wapendao mwanga na giza lilikuwa limeanza kuingia.

Kuimba adui akiwa nyuma

Lipo jambo jingine la ajabu kuhusu ndege huyu, na hili limechunguzwa. Mmoja wa maadui zake ni kozi mdogo, ndege mwindaji mwenye mbio kali. Mwaka 1994 mtafiti Will Cresswell alichapisha matokeo ya uchunguzi wake huko Scotland. Aliona kwamba baadhi ya vipozamataza, wakati kozi anawafukuza, huimba. Tena wale walioimba hawakukamatwa kwa urahisi kama wale waliokaa kimya, na kozi alikuwa mwepesi zaidi kuwaacha.

Maelezo yake ni haya: kuimba huku unakimbiza roho yako kunahitaji pumzi na nguvu. Anayeweza kufanya hivyo anamwambia adui kwamba bado ana uwezo, na kwamba kumfukuza ni kupoteza muda. Kozi anasikia, anapima, anageuka kutafuta mwingine.

Mara moja mawazo yetu yanakwenda Filipi, kwa Paulo na Sila. Migongo yao ilikuwa imechanwa kwa bakora na miguu yao imefungwa kwenye mkatale, lakini usiku wa manane waliomba na kuimba, na wafungwa wengine wakawa wanasikiliza (Matendo 16:25). Milango ilifunguka. Hata hivyo nisikudanganye, mpendwa. Uchunguzi wa Scotland ulizungumzia uwezekano, haukutoa dhamana, na Maandiko nayo hayauzi wimbo kama dawa ya kila mlango. Yohana Mbatizaji hakutoka gerezani. Habakuki anatazama mtini usiochanua, mashamba yasiyotoa chakula na mazizi yasiyo na ng'ombe, kisha anaamua kumfurahia Bwana (Habakuki 3:17-18). Hatuelezwi kwamba siku iliyofuata mazizi yalijaa.

Basi wimbo unafanya nini wakati wa kufukuzwa? Unaonyesha pumzi iko wapi. Mtu anayedaiwa, mtu aliyepewa majibu mabaya ya hospitali, mjane ambaye shemeji zake wameanza kupima kiwanja kabla matanga hayajaisha, akiweza kusema walau mstari mmoja wa shukrani, amemjulisha adui kwamba bado lipo jambo ambalo hakulifikia. Na kama leo huwezi kuimba kabisa, usijilaumu. Ndiyo maana tuna kanisa. Filipi walikuwa wawili, na ninaamini yupo aliyeanza na yupo aliyeitikia.

Shamba lisiloachiwa nafasi

Sasa nifike kwenye sehemu inayonigusa zaidi. Huko Uingereza idadi ya ndege hawa imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970. Zamani wanadamu waliwakamata kwa mitego na kuwauza. Katika karne ya 19 waliuzwa kwa wingi katika masoko ya London, wa kuliwa na wa kufungiwa vizimbani ili waimbie wenye nyumba, kama wale shomoro wa Injili waliouzwa wawili kwa senti moja (Mathayo 10:29). Lakini upungufu wa miaka ya karibuni haukuletwa na mitego. Umeletwa na mabadiliko ya kilimo.

Zamani wakulima wengi walipanda ngano na shayiri majira ya kuchipua, baada ya baridi kuisha. Mabua ya mavuno yaliyopita yalibaki shambani wakati wote wa baridi, na punje zilizodondoka ziliwalisha ndege. Siku hizi wengi hupanda kabla ya baridi. Wakati wa kuzaa unapokuwa umekolea, mazao yamekuwa marefu na yamesongamana kiasi kwamba ndege hapati pa kutua wala pa kujenga kiota cha pili. Shamba ni la kijani na la kupendeza, mavuno ni mengi, na juu yake pamenyamaza. Hakuna mkulima aliyekaa kikao akaamua kuunyamazisha wimbo. Nafasi tu ndiyo iliyokwisha.

Watafiti na wakulima walipotafuta tiba, waligundua kwamba haigharimu sana. Mkulima anapopanda, huinua mashine yake kwa hatua chache na kuacha kiraka cha karibu mita 4 kwa 4 bila mbegu. Viraka viwili kwa hekta vinatosha kusaidia. Piga hesabu: ni mita za mraba 32 kati ya 10,000. Ndege hutua hapo, hutafuta wadudu hapo, na makinda huongezeka.

Msomaji wa Biblia hawezi kushangaa. Sheria ya Musa iliwaamuru Waisraeli wasivune hadi pembe za mashamba yao, bali wawaachie maskini na mgeni (Mambo ya Walawi 19:9-10). Ruthu Mmoabi aliishi kwa masazo ya namna hiyo, na kutoka katika ukoo wake akazaliwa Daudi. Hata mtu akikuta kiota njiani, mtini au chini ardhini, aliagizwa amwache mama aende zake (Kumbukumbu la Torati 22:6-7). Mungu wetu ni Mungu anayetaka shamba libakishwe nafasi.

Hebu tazama shamba la maisha yako. Jumatatu hadi Jumamosi ni kazi, na jioni ni biashara ya pembeni. Simu inaamka kabla yako na inalala baada yako. Kuna vikao vya harusi, marejesho ya vikoba, na hata ratiba ya kanisa imejaa mazoezi, semina na michango. Vyote vina faida, na vingi umevipanda kwa nia njema. Lakini wimbo utatua wapi? Mtoto anayetaka kukueleza jambo atatua wapi? Jirani aliyefiwa, ambaye hakumo kwenye ratiba, atatua wapi? Pengine ukame wa rohoni unaoulalamikia haukusababishwa na dhambi kubwa unayoitafuta. Huenda umepanda hadi pembeni.

Wiki hii inua mashine kidogo. Chagua kiraka kimoja: dakika 10 za alfajiri bila simu, au jioni moja isiyo na kikao, au fungu dogo la mshahara ambalo hulihesabu kuwa lako bali la atakayebisha hodi. Usikipande kitu hapo. Kiache hivyo hivyo wiki nzima, hata kikionekana ni hasara, na uone nani atakuja kutua.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuumba kwa mavumbi na kutuwekea wimbo kinywani, tusaidie tusiionee haya kazi ya mikono yetu wala tusiache kukusifu ndani yake. Wape pumzi wanaofukuzwa leo. Tufundishe kuacha nafasi kwa ajili yako na kwa ajili ya wadogo wako. Na watu wanaotuzunguka watakapolitaja jina letu, wasikie ndani yake jina lako. Amina.

Nakutakia Jumapili njema na wiki yenye baraka.